Kuunganisha gemu na deki kwenye hom thieta: anza na njia ya sauti

Kwa miezi mingi nilicheza gemu nikiamini spika zangu za nyuma zinafanya kazi yake. Zilikuwa zinatoa sauti, kweli. Ila usiku mmoja adui alinijia kutoka mgongoni, na hatua zake nikazisikia mbele. Nikainuka kusoma kioo kidogo cha amplifaya, kikawa kimeandika "Pro Logic II". Maana yake amplifaya ilikuwa inapokea chaneli mbili tu, ya kushoto na ya kulia, kisha inakisia yenyewe kipi kiende nyuma. Picha ilikuwa safi tangu siku ya kwanza, na picha ikiwa safi mtu hana sababu ya kushuku sauti.

Ndiyo maana nasema: kabla hujachomeka waya hata mmoja, amua sauti itapita wapi hadi ifike kwenye amplifaya.

Zungusha amplifaya uangalie mgongo wake. Unatafuta matundu yaliyoandikwa HDMI IN. Yakiwepo mawili au zaidi, kazi ni nyepesi: waya wa gemu uingie moja, wa deki uingie jingine, kisha waya mmoja utoke HDMI OUT kwenda kwenye TV, kwenye tundu lenye maandishi ARC au eARC, yaani njia ya kurudisha sauti kutoka TV hadi kwenye amplifaya. Sauti inabaki kwenye amplifaya, picha inaendelea hadi kwenye TV. Kwa mpango huu TV haina nafasi ya kuharibu sauti, na ndio ninaoupenda kuliko yote.

Kuna hali moja ambapo huenda ukauacha. PS5 na Xbox Series X zinaweza kutoa picha ya 4K kwa fremu 120 kwa sekunde, na hiyo inahitaji HDMI ya toleo la 2.1 njia nzima. Amplifaya yenye HDMI 2.0 itaishia fremu 60 kwenye 4K. Ukizitaka 120, peleka gemu moja kwa moja kwenye TV, halafu sauti irudi kwenye amplifaya kwa eARC. Hapo herufi ile "e" ya mbele ina uzito mkubwa. eARC inabeba chaneli zote bila kuzibana, hadi nane. ARC ya kawaida inabeba PCM, yaani sauti isiyobanwa, ya chaneli mbili tu; ukitaka 5.1 (chaneli sita: tano na moja ya besi) lazima sauti iwe imebanwa kama Dolby Digital.

Hom thieta nyingi zinazouzwa seti nzima, zenye sehemu ya diski ndani yake, hazina HDMI IN kabisa. Zina HDMI OUT na tundu la waya wa mwanga, ule wa optiko. Vyombo vyote vichomeke kwenye TV, sauti irudi kwa ARC au kwa optiko. Optiko nayo ina mpaka kama wa ARC: chaneli mbili za PCM, au 5.1 iliyobanwa. Na usiitafute nyuma ya PS5 wala Xbox Series X. Haipo, lazima itoke kwenye TV. Hapo ndipo nilipokwama mimi. TV yangu, kwenye mipangilio ya sauti ya dijitali, ilikuwa imewekwa "PCM", kwa hiyo kila kilichoingia na chaneli sita kilitoka na mbili. Nilibadilisha kuwa "Pass-through", yaani sauti ipite kama ilivyoingia. Kwenye TV nyingine utakuta "Auto" au "Bitstream".

Sasa mipangilio ya vyombo vyenyewe. Gemu na deki zisiwekwe sawa, na sababu yake inafaa kuijua. Sauti ya filamu ilishachanganywa na kubanwa kabla ya diski kutengenezwa, kwa hiyo kazi ya deki ni kuikabidhi kama ilivyo: chagua "Bitstream", amplifaya itaifungua. Sauti ya gemu haijatengenezwa bado. Inazaliwa pale unapogeuka, unapokimbia, unapofungua mlango. Konsoli ikiambiwa itoe Dolby inabidi ichanganye, kisha ibane, na kubana kunakula muda kidogo. Njia ikiruhusu, iachie PCM. Kwenye PS5 ingia sehemu ya sauti, badilisha aina ya kifaa cha HDMI kuwa "AV Amplifier", chagua "Linear PCM", halafu taja idadi ya spika zako. Kwenye Xbox chagua "5.1 uncompressed" au "7.1 uncompressed". Wenye ARC ya kawaida au optiko, chagueni Dolby. Mkiacha PCM mtabaki na chaneli mbili.

Kwenye deki ya Blu-ray zima pia sauti ya pili, ile inayochanganya milio ya menyu na maelezo ya watengenezaji. Ikiwa imewashwa, deki hulazimika kufungua sauti kuu na kuifunga upya, na ubora unashuka. Kisha angalia menyu ya diski yenyewe, maana nyingine huanza na stereo hata kama 5.1 imo.

Midomo na maneno vikipishana, mara nyingi ni TV inayochelewesha picha kwa kuipamba. Washa hali ya gemu kwenye TV. Kwa filamu, ongeza ucheleweshaji wa sauti kwenye amplifaya kidogo kidogo.

Mwisho, soma tena kile kioo. Ukiwa na filamu kinapaswa kusema Dolby Digital, DTS au jamaa zao; ukiwa na gemu kwa PCM, "Multi" au neno linalofanana nalo. Kisha ndani ya gemu tafuta kitu kinacholia bila kuhama, kama moto au maporomoko ya maji. Simama hapo na uzungushe kamera polepole. Sauti itoke mbele, ipite pembeni, ihamie nyuma, na ukikipa kisogo kabisa, spika za mbele zitulie.