Jinsi ya kujenga darasa la bati lisilochoma: mbinu za shule ya Gando

Kama umewahi kukaa kwenye darasa la bati saa saba mchana mwezi wa pili unajua nachosema, watoto wanajipepea na madaftari, mwalimu shati limeganda mgongoni, afu mvua ikija ndo kabisa kipindi kinasimama maana hakuna anayemsikia mwenzie. Mimi nimekaa kwenye kamati ya ujenzi ya shule ya kata na tulijenga hivohivo, bati juu ya kenchi (ile fremu inayobeba paa) bila dari, hela iliisha tukasema dari itakuja baadae na mpaka leo haijaja. Inaniuma kila nikipita pale. Ndo mana naandika hii, ili kamati nyingine isirudie.

Kuna kijiji kinaitwa Gando huko Burkina Faso, joto lake ni kali kuliko la kwetu wengi, na shule yao ya msingi ilijengwa kwa udongo na bati na nondo za kawaida tu. Aliyeichora ni Francis Kéré, mtoto wa palepale Gando, fundi seremala aliyepata nafasi ya kwenda kusoma Ujerumani, akawa bado mwanafunzi wa usanifu majengo Berlin wakati anachangisha hela za kujengea kwao. Jengo likakamilika 2001, 2004 likapata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo, na 2022 Kéré mwenyewe akapewa Tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu majengo ndo kilele, Mwafrika wa kwanza kuipata. Sasa watu wakisikia tuzo wanawaza vioo na marumaru. Hapana, nenda kaangalie picha, utaona tofali za udongo na bati, vitu unavyovijua.

Siri kubwa iko juu, tuanzie hapo.

Sisi bati tunalilaza juu ya ukuta, jua linapiga bati, bati linamwaga joto lote kichwani kwa mtoto. Gando wametenganisha. Juu ya kuta kuna boriti za zege, juu yake nondo, juu ya nondo wamepanga tofali za udongo zikawa dari, na wameacha upenyo hewa ipite. Bati halijagusa dari kabisa, limenyanyuliwa juu kwa kenchi nyepesi za nondo, ukiwa uwanjani unaona mwanga unapita katikati ya dari na bati. Jua likichoma bati, hewa ya hapo katikati inapata moto, upepo unaisomba, na ikitoka inavuta hewa ya moto iliyoko darasani ipande kupitia kwenye upenyo wa dari, huku hewa ya chini yenye ubaridi ikiingia madirishani. Haina feni, haina umeme. Na kelele za mvua zinapungua kwasababu kati ya bati na sikio la mtoto kuna dari nzito.

Kwahiyo mkikaa na fundi wenu mwambieni hivi: dari kwanza, afu bati linyanyuliwe juu yake, na lizidi kuta kwa mbali kila upande. Lile paa la Gando limetoka nje sana, linakinga ukuta wa udongo na mvua na linaweka kivuli kwenye ukuta usishike joto. Kenchi za nondo zinataka fundi wa kuchomelea na msumeno wa mkono tu, kule vijana wa kijijini walifundishwa wakaziweza, nzuri pia kwasababu hazihitaji winchi, watu wananyanyua wenyewe.

Lakini hapa msifanye mchezo, naomba sana. Paa lililonyanyuliwa upepo unaingia chini yake na unataka kulibeba. Kenchi zifungwe kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, kwa nondo zilizotokea ndani ya zege lenyewe, sio waya wa kufungia, na mchoro upite kwa mhandisi wa halmashauri kabla hamjanunua hata kilo moja ya nondo. Dari nzito ndo zaidi, inabeba tofali juu ya vichwa vya watoto, vipimo vya boriti atoe mhandisi na sio fundi kwa makadirio. Kama hela haitoshi dari ya tofali, wekeni ya mbao au mikeka minene yenye matundu, na ule uwazi wa pembeni uzibwe kwa wavu, popo na ndege wakiingia hamtawatoa.

Kuta sasa. Wazee wa Gando mwanzoni waligoma, walisema nyumba ya udongo haimalizi masika, na kwenu mtasikia hivohivo. Jibu ni tofali za kushindilia, udongo uliochanganywa na saruji kidogo kati ya asilimia 5 na 10 kutegemea na udongo wenyewe, unashindiliwa kwenye mashine ya mkono, hauchomwi kwahiyo hamkati miti.

Udongo msichukue wa juu wenye mizizi, chimbeni chini. Chukua chupa ya wazi, jaza udongo nusu, weka maji, tikisa, acha hadi kesho yake: mchanga unakaa chini, udongo wa mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukizidi sana tofali litapasuka likikauka, ongezeni mchanga. Afu kabla ya kufyatua, fumbata donge la mchanganyiko mkononi, linyanyue usawa wa bega uliachie lianguke kwenye sakafu ngumu. Likibaki zima kama chapati, maji yamezidi. Likisambaa unga, maji hayatoshi. Likivunjika vipande vinne vitano hivi, hapohapo fyatua. Nilimwona mama mmoja fundi tofali akifanya hivi kila ndoo, hata akiongea na watu mkono wake unapima tu, na tofali zake hazikuwa na nyufa.

Zikitoka kwenye mashine zikae kivulini zimefunikwa nailoni, zimwagiliwe kila siku wiki mbili angalau, ikifika siku 28 ndo bora. Hapa ndo kamati nyingi zinaharibu kwa haraka ya kupiga picha na mgeni rasmi. Kabla hamjaanza kujenga loweka tofali moja kwenye ndoo usiku kucha, likiyeyuka pembe ongezeni saruji. Na msingi uwe wa mawe na zege unyanyuke juu ya ardhi, maji yanayoruka kutoka chini ndo yanakula ukuta wa udongo kuliko hata mvua yenyewe.

Madirisha yawe pande mbili zinazotazamana, bila hivyo paa lote ni kazi bure. Gando wameweka shata, yaani milango midogo ya dirisha ya kufungua, hakuna vioo vya kuvunjika, na kati ya darasa na darasa wameacha nafasi wazi chini ya paa lilelile, watoto wanacheza na kusomea kivulini.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni maktaba ya palepale. Akina mama walileta vyungu vyao vya udongo, vikakatwa juu na chini vikawa kama pete, vikapangwa kwenye fomu ya dari, zile mbao za kushikilia zege mpaka likauke, kabla ya kumwaga zege. Zege liliposhika yakabaki matundu ya duara dari nzima, mwanga unashuka kama madoa ya jua chini ya mti na joto linapandia humohumo. Kwenu kama kuna mfinyanzi wa vyungu, mnaweza.

Nguvu kazi ipangeni mapema. Gando wanakijiji wenyewe walibeba mawe, maji, wakashindilia sakafu, na vijana waliojifunza pale serikali ya eneo ikaja kuwatumia kwenye miradi mingine. Kwenye fosi akaunti, ule utaratibu wa kamati kusimamia ujenzi yenyewe na kuajiri mafundi wa hapohapo, mna nafasi hiyohiyo, wekeni vijana watatu wanne wa kijiji chini ya fundi mkuu kuanzia siku ya kwanza, siku bati likilegea watapanda wao hawatasubiri fundi kutoka mjini.

Na kwa darasa ambalo tayari lipo kama letu, hamna haja ya kubomoa. Toboeni kuta za pembetatu, zile za miisho ya jengo chini ya paa, pande zote mbili juu, wekeni wavu, afu dari ya mikeka chini ya kenchi ikiachwa wazi kidogo pembeni, na bati lipakwe rangi nyeupe kwa nje. Sisi tunaanza na darasa moja la darasa la kwanza likizo ya mwezi wa sita, mikeka tayari akina mama wamesuka kumi na minne.