Kuuza viungo vya pilau mtandaoni baada ya kuachishwa kazi

Kiinua mgongo usikimalize kwenye mzigo. Anza na nusu kilo: uzile (bizari nyembamba) gramu 250, pilipili manga 100, mdalasini 75, hiliki 50, karafuu 25. Nunua sokoni Darajani, hapa Unguja, viungo vizima, si vya unga. Unga hujui umechanganywa nini. Na karafuu ziishie humo humo kwenye pilau: biashara ya karafuu kavu ni ya ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na magendo yana kesi.

Kaanga kwa moto mdogo mpaka vinukie, kisha viache vipoe kabisa kabla ya kusaga. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Unga ukifungwa ungali na joto hutoa jasho ndani ya pakiti, hushikana mabonge, na kwa unyevu wetu wa masika haukawii kuota ukungu. Nusu kilo haitoi pakiti 10 za gramu 50. Hesabu 9, maana mashine nayo inakula. Bei ipigie hapo, uweke na pakiti, lebo, bando na nauli.

Picha piga asubuhi karibu na dirisha, bei iandike kwenye picha yenyewe. "Njoo inbox" inafukuza wateja.

Wa mjini alipe akipokea. Wa Dar au Pemba alipe kwanza, ndipo mzigo uende bandarini Malindi, ndani ya nailoni mbili. Usiamini meseji ya malipo aliyokutumia mteja. Angalia salio lako mwenyewe.

Kabla ya kupeleka madukani, jina lisajili BPRA, wakala wa usajili wa biashara, na uulizie masharti ya chakula ZFDA, wakala wa chakula na dawa.