Kiraka Kimeshuka, Keneli ya Zamani Bado Inakimbia: Kuziba Mianya kwenye Seva ya Ubuntu

Seva nyingi ninazoitwa kuangalia hapa Kisumu, ziwe za saiba za Kondele au za ofisi ndogo za mjini, zina viraka vyote vya keneli, yaani marekebisho ya kuziba kasoro za usalama. Vimeshuka, vimekaa kwenye diski, na havifanyi kazi yoyote. Keneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi: hupakiwa kwenye kumbukumbu mashine inapowaka, na hubaki ile ile hadi mashine iwashwe upya. Mwenye saiba naye atakwambia, “Fundi, usizime sasa, watu wa KRA wako foleni.” Foleni ya KRA, mamlaka ya kodi, haijawahi kuisha.

Hatua ya 1: Jua keneli inayokimbia

```
uname -r
dpkg -l 'linux-image-*' | grep ^ii
```

Amri ya kwanza inaonyesha keneli iliyo kazini. Ya pili, zilizosakinishwa. Ikiwa ya pili ina namba ya juu kuliko ya kwanza, mashine inasubiri kuwashwa upya. Ubuntu pia huacha alama, faili la `/var/run/reboot-required`.

Hatua ya 2: Soma namba kwa akili

Hapa ndipo wengi huteleza. Chukua Dirty Pipe, mwanya wenye namba ya usajili CVE-2022-0847, uliotangazwa na Max Kellermann Machi 2022. Mtumiaji wa kawaida mwenye ruhusa ya kusoma faili tu aliweza kuandika juu yake, hata `/etc/passwd`, na kutoka hapo akawa root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Ulianzia keneli 5.8 na ukazibwa katika 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102. Sasa mtu ana Ubuntu yenye 5.13, anatazama orodha hiyo, haoni 5.13 popote, anaanza kutafuta jinsi ya kujijengea keneli mwenyewe. Hakuna haja. Ubuntu huchukua kiraka na kukipachika kwenye toleo walilo nalo. Dirty Pipe waliuziba katika 5.13.0-35. Namba ya kuangalia ni hiyo ya baada ya kistari, na ya kuilinganisha nayo iko kwenye tangazo la usalama la Ubuntu wenyewe. Na mwenye keneli 5.4 ya Ubuntu 20.04 hakuguswa kabisa, kwa kuwa kasoro yenyewe ilikuja baadaye. Keneli ya zamani si lazima iwe mbovu. Iliyoachwa bila viraka ndiyo mbovu.

Utasema seva yako haina mgeni wa kuandika juu ya faili zako. Anaweza kuwemo. Akaunti ya mwanafunzi aliyekuja atachimenti na haikufutwa, au tovuti ya WordPress yenye plagini ya mwaka juzi, inatosha kumwingiza mtu mlangoni. Mwanya wa keneli ndio unaomkabidhi nyumba nzima.

Hatua ya 3: Hakikisha viraka bado vinatoka

```
cat /etc/os-release
```

Usaidizi wa kawaida wa Ubuntu 20.04 uliisha 2025. Ukiwa bado huko, hamia toleo jipya au jiunge na Ubuntu Pro, huduma inayoendelea kutoa viraka kwa matoleo ya zamani, ambayo ni bure kwa mashine hadi 5.

Hatua ya 4: Nafasi, kisha usakinishaji

```
df -h /boot
sudo apt autoremove --purge
sudo apt update
sudo apt full-upgrade
```

`/boot`, mahali keneli zinapokaa, ikijaa, keneli mpya husakinishwa nusu nusu, na hiyo ni kazi ya kukesha. Usitumie `apt-get upgrade`: haisakinishi vifurushi vipya, na kila keneli mpya ni kifurushi kipya. Itakuandikia tu kwamba imeviacha nyuma, nawe utadhani umemaliza.

Hatua ya 5: Washa upya ukiwa tayari

Nakili data kwanza, na nakala isikae kwenye diski hiyo hiyo. Endesha `dkms status` uone kama draiva za nje (programu za kuendesha vifaa zisizokuja na keneli), kwa mfano ya kadi ya mtandao, zimejengwa kwa keneli mpya. Vinginevyo seva itawaka bila mtandao. Mimi hufanya kazi hii asubuhi kabla ya kufungua, kamwe si alasiri ya msimu wa mvua, radi za ziwani zikianza kuchezea umeme. Awepo mtu karibu na kibodi.

```
sudo reboot
uname -r
```

Namba ikibadilika, umeziba. Mashine ikikataa kuwaka, shikilia Shift, au bonyeza Esc kwenye mashine za kisasa za UEFI, ingia menyu ya GRUB, ile ya kuchagua keneli ya kuwasha, chagua “Advanced options” na uwashe keneli ya zamani. Ndiyo maana hatufuti zote.

Hatua ya 6: Iache ijifanyie

Ubuntu ina zana ya kusakinisha viraka vya usalama yenyewe, unattended-upgrades. Ili pia iwashe mashine upya inapohitajika, kwenye `/etc/apt/apt.conf.d/50unattended-upgrades` weka:

```
Unattended-Upgrade::Automatic-Reboot "true";
Unattended-Upgrade::Automatic-Reboot-Time "02:00";
```

Hiyo ni saa nane usiku, ikiwa saa ya seva ni ya hapa kwetu. Seva nyingi za kukodi huja na saa ya UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, na huko 02:00 ni saa kumi na moja alfajiri Kisumu, mwenye duka la mkate akiwa tayari anaingiza oda. Kwa hiyo kabla ya kuondoka:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi
```