Somo: Kufanya mazoezi ya tai chi bila kuyachoka

Wengi wanaoanza tai chi, sanaa ya Kichina ya miondoko ya polepole, huacha kabla ya kuonja utamu wake, na kwa maoni yangu kinachowaponza ni haraka ya kukariri mfuatano mzima. Mfuatano wa miondoko 24, uliotungwa China mwaka 1956 kutokana na mtindo wa Yang, mmojawapo wa mitindo ya tai chi, ili uwe rahisi kwa umma, huchukua takribani dakika 6. Hata hivyo, anayeuona kama deni huelemewa na dakika hizo chache.

Hatua ya kwanza: Simama tu kwa dakika 2, miguu ikiachana kwa upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo, na pumzi ikienda yenyewe.

Hatua ya pili: Chagua mwondoko mmoja, ukae nao wiki nzima. Napendekeza ule uitwao Mikono ya Mawingu, kwa kuwa hurudiwa bila kukatika: uzito unahama kutoka mguu huu kwenda ule, kiuno kinageuka, na mikono inakifuata kiuno badala ya kukitangulia. Furaha yenyewe imo humo. Siku mikono itakapoacha kujitutumua na kuchukuliwa na kiuno, utahisi wepesi ambao maelezo yangu hayawezi kukupa, na kesho yake hutahitaji kuhimizwa. Usipouhisi, punguza mwendo, na usiinue mguu wowote kabla uzito wote haujahamia kwenye mwenzake.

Hatua ya tatu: Acha ungali una hamu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nikikosa siku tatu naona aibu kurudi. Nifanyeje?
Jibu: Usizifidie siku hizo. Rudi kwenye hatua ya kwanza peke yake, hata ukiwa bado umevaa nguo za kazini.

Swali: Magoti yananiuma; niendelee?
Jibu: Usiendelee hivyo hivyo. Mara nyingi mtu huwa amechuchumaa mno, au amelipinda goti upande ilhali wayo umebaki ulipo. Inuka kidogo, goti lielekee kwenye vidole vya mguu; maumivu yakidumu, muone daktari.

Swali: Nafanya peke yangu, na upweke unaniondolea hamu.
Jibu: Tafuta mwenzako mmoja, mjifunze zoezi la kusukumana mikono, ambamo mnagusana kwa mikono na kila mmoja husikiliza uzito wa mwenziwe unakoelekea. Anzeni polepole, bila kushindana.