Ukiibiwa simu, usiseme "I was stolen"

Kiswahili kinaturuhusu kusema "wameniibia simu", mtu na kitu vikabebwa na kitenzi kimoja. Kitenzi cha Kiingereza "steal" (kuiba) hakina nafasi hiyo, ndiyo maana "I was stolen my phone" inasikika mno huku kwetu. Msikilizaji anaweza kudhani ulitekwa wewe.

"Steal" hufuatwa na kitu kilichochukuliwa: "They stole my phone", au "My phone was stolen". "Rob" hufuatwa na aliyeibiwa, awe mtu au mahali: "They robbed me", "They robbed the bank". Ukitaka kutaja na kitu, ongeza "of": "They robbed me of my phone".

Ila "rob" kwa kawaida hubeba nguvu au vitisho, yaani kuporwa. Simu ikichomolewa mfukoni kwenye daladala bila wewe kujua, tumia "steal". Lizingatie hili hasa unapoandika maelezo ya polisi au madai ya bima kwa Kiingereza, maana wizi na unyang'anyi ni makosa mawili tofauti kisheria.

Wakivunja nyumba na kuiba, kuna "burgle": "My house was burgled". Wamarekani husema "burglarized".