Kurekebisha mkazo wa mkanda wa altaneta kwenye Hilux ya dizeli ya zamani

Katika pikapu za Toyota Hilux zenye injini za dizeli za 2L, 3L na 5L, yaani za lita 2.4, 2.8 na 3.0, mkanda wa altaneta, yaani mashine inayozalisha umeme wa gari, una kazi kubwa kuliko jina lake. Mkanda huo ndio unaozungusha pia pampu ya maji pamoja na feni iliyofungwa mbele yake, na katika nyingi ya injini hizi pampu ya vakyumu inayolainisha breki imefungwa mgongoni mwa altaneta na huzungushwa na shafti ileile. Kwa hiyo mkanda ukikatika, au ukilegea hadi ukawa unateleza, dereva hukosa chaji, injini hukosa kupozwa, na pedali ya breki huwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache. Jambo la hatari zaidi ni kwamba dizeli haihitaji cheche ili iwake, hivyo injini huendelea kuvuta mzigo kana kwamba hakuna kilichotokea, na dereva asiyeitazama dashibodi anaweza kumaliza mlima mzima bila feni mpaka silinda hedi ipasuke, ugonjwa ambao mafundi wanaufahamu vizuri kwenye injini za 2L na 3L. Taa ya chaji ikiwaka safarini katika gari la aina hii, simama mahali salama mara moja na ufungue boneti kabla ya kufikiria betri.

Mkazo sahihi unapimwa, haukisiwi kwa sikio. Nasisitiza hili kwa sababu desturi iliyozoeleka ni kuukaza mkanda mpaka uache kulia, na mkanda uliochakaa unaweza kulia hata ukiwa umekazwa kama waya. Anayeendelea kuuvuta ili unyamaze huwa anauhamishia mzigo kwenye beringi ya mbele ya altaneta na beringi ya pampu ya maji, na baada ya muda maji huanza kuvuja kupitia tundu dogo lililo chini ya pampu. Mkanda ni kitu cha bei ndogo, lakini pampu ya maji na altaneta yenye vakyumu si vitu ambavyo mwenye gari la kubeba mizigo angependa kuvinunua kwa wakati mmoja.

Fanya kazi hii asubuhi kabla injini haijawashwa, kwa kuwa mkanda wa moto na ule wa baridi havitoi kipimo kimoja, na pia kwa usalama wa mikono yako. Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu, toa ufunguo na uuweke mfukoni. Kisha fungua waya wa hasi wa betri. Hatua hii wengi huiruka, ilhali nyuma ya altaneta kuna skrubu nene inayopokea umeme wa betri wakati wote, hata gari likiwa limezimwa, na mtaimbo wa chuma ukigusa skrubu hiyo na mwili wa injini kwa pamoja utatoa cheche kali inayoweza kuunguza nyaya au diodi, vipande vya ndani ya altaneta vinavyonyoosha umeme wake.

Kabla ya kushika spana, chunguza mkanda wenyewe kwa tochi, ukiupindua kwa vidole ili uone mbavu zake mbili, yaani pande zake za ubavuni. Mkanda wa injini hizi una umbo la V, nao hushika puli, yaani gurudumu lenye mfereji, kwa mbavu, si kwa tumbo: unavyovutwa ndivyo unavyozama na kubanwa kati ya kuta za mfereji. Mbavu zikiwa zimeng'aa kama kioo, zimepasuka, zimechanika nyuzi, au zimeliwa kiasi cha tumbo la mkanda kugusa sakafu ya mfereji, hakuna mkazo utakaouponya. Sakafu ya mfereji inayong'aa ni ushahidi tosha kwamba mkanda umeisha au ni mwembamba kuliko puli. Vivyo hivyo mkanda uliolowa oili au dizeli huvimba na kulainika; huo ubadilishwe, na mvujo ulioulowesha uzibwe kwanza, kwa maana bila hivyo mkanda mpya utaharibika kwa njia hiyohiyo. Wapo wanaopaka sabuni ya mche, grisi au lami kwenye mkanda unaolia. Sabuni na grisi huficha kelele kwa muda mfupi huku zikiongeza kuteleza, na lami hukusanya vumbi linalosaga puli, hasa kwa magari yanayopita kila siku kwenye barabara za udongo.

Tazama pia kama puli zote zimekaa mstari mmoja. Weka rula ndefu ya chuma, au ubao ulionyooka kwelikweli, usoni pa puli ya krenki, ile ya chini inayozungushwa na injini yenyewe, na uone kama mfereji wa puli ya altaneta uko sambamba nayo. Magari mengi ya zamani yamewahi kufungwa altaneta iliyotoka kwenye gari jingine, au kiegemeo chake kimechomelewa, au washa (pete ya chuma) iliyokuwa nyuma ya sikio la altaneta, pale bolti inapopita, imepotea. Kasoro nyingine ya kawaida ni tundu la bolti ya chini lililotanuka likawa na umbo la yai, kiasi kwamba altaneta huinamisha kichwa kila mkanda unapovutwa. Kasoro hizi hula mkanda upande mmoja na kutoa mlio, na kukaza hakuzitibu.

Sasa pima. Tafuta sehemu ndefu zaidi ya mkanda kati ya puli mbili, laza rula juu yake kutoka puli hadi puli, kisha ubonyeze mkanda katikati kwa dole gumba kwa nguvu ya kilo 10 hivi. Kwa mkanda wa V uliokwisha kutumika, kubonyea kwa milimita 10 hivi, yaani upana wa kidole chembamba, ni kiasi kinachofaa. Kitabu cha gari lako kikitaja kipimo kingine, fuata hicho. Kwa kuwa kilo 10 za kidole cha fundi mmoja si kilo 10 za mwingine, ninapendekeza mizani ndogo ya ndoano, ile ya kuning'iniza inayotumiwa na wauza samaki: shika mkanda kwa ndoano katikati, vuta mpaka mshale usome 10, na usome kwenye rula umbali uliosogea. Kipimo cha pili ni kujaribu kuizungusha puli ya altaneta kwa mkono, ukishika mapezi ya feni yake kama yanafikika. Ikiteleza ndani ya mkanda kwa nguvu ya vidole tu, mkanda umelegea. Puli hiyo ndiyo ndogo kuliko zote, hivyo ina eneo dogo la kushikwa, nayo ndiyo huanza kuteleza, hasa asubuhi baada ya hita plagi, zinazopasha joto silinda kabla injini haijawaka, kunyonya betri na altaneta kutakiwa kurudisha umeme huo kwa nguvu. Ndiyo maana mkanda uliolegea hulia dakika za kwanza na kunyamaza gari likishapata moto, jambo linalowafanya wenye magari waamini kwamba tatizo limejiondokea.

Altaneta imeshikwa na bolti ndefu ya chini, ambayo ndiyo egemeo lake, na bolti ya juu inayopita kwenye mkono wa chuma wenye tundu refu. Spana namba 12 na 14 kwa kawaida zinatosha. Legeza bolti ya egemeo nusu mzunguko, kisha legeza ile ya mkono, lakini usizitoe. Altaneta inatakiwa isogee kwa kusukumwa na iendelee kusimama wima. Ikiwa imeganda kwa kutu, nyunyizia mafuta ya kulegeza kwenye egemeo, usubiri, kisha uitikise taratibu. Iwapo gari lako lina skrubu ndefu ya kurekebishia, igeuze kidogo kidogo huku ukipima, na hutahitaji kitu cha kuinulia.

Pasipo skrubu hiyo, utahitaji mtaimbo mfupi au, vizuri zaidi, mpini wa mti mgumu. Hapa ndipo altaneta nyingi huumizwa. Uegemeze mpini kwenye chuma imara cha injini na usukume sehemu ya mbele ya altaneta, karibu na sikio lake, kwa kuwa ndipo palipo na ganda nene. Usisukume kwa nyuma, ambako kuna diodi na pampu ya vakyumu, wala usiegemee bomba la oili, rejeta au kava ya taimingi. Kila inaposogea, angalia mipira ya oili inayoingia na kutoka kwenye pampu ya vakyumu: isivutike, isikunjike, wala isisugue kitu. Ukihisi mkazo umefika, shikilia mpini kwa mkono wako mmoja na ukaze bolti ya mkono wa chuma kwa mwingine. Mtu wa pili akiwepo, kazi huwa rahisi mno. Pima kabla ya kugusa bolti ya egemeo. Kipimo kikiwa sawa, kaza egemeo, halafu upime tena, maana kukaza egemeo mara nyingi hubadilisha mkazo kidogo.

Bolti ikifika mwisho wa tundu refu na mkanda bado umelegea, mkanda umenyooka kupita kiasi au ni wa saizi isiyo yake. Usitoboe tundu jipya kwenye mkono wa chuma. Soma namba iliyochapwa mgongoni mwa mkanda, uilinganishe na ile inayotakiwa kwa injini yako, na ununue unaofaa. Injini zenye mikanda miwili iliyopangana zibadilishiwe yote kwa pamoja, ya kampuni moja na namba moja, kwa sababu mpya ukikaa na mkuukuu, ule mfupi ndio utakaobeba mzigo wote.

Rudisha waya wa betri, hakikisha hakuna spana iliyosahaulika karibu na feni, kisha washa injini na uiache sailensa, bila kukanyaga mafuta, kwa dakika tano. Zima, toa ufunguo, upime tena. Mkanda mpya huwa umeshajikalisha kidogo kwenye mifereji, na ndiyo sababu hukazwa zaidi kidogo kuliko uliotumika, kubonyea kwake kukiwa kama milimita 8. Halafu weka mita kwenye betri. Injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, taa kubwa zikiwa zimewashwa, mita isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikisoma chini ya 13 ilhali mkanda una kipimo sahihi na hautelezi, tafuta tatizo kwenye nyaya, kwenye brashi za kaboni za altaneta au kwenye regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti, na mkanda uuache ulivyo.

Mwisho, jaribu taa yenyewe ya chaji: funguo ikigeuzwa kabla ya injini kuwaka, taa lazima iwake. Balbu iliyoungua ibadilishwe siku hiyohiyo, kwa sababu bila hiyo dereva hana onyo la mapema kwamba mkanda umeondoka. Mkanda mpya upimwe tena baada ya kilomita 300 hadi 500, na baada ya hapo kila unapobadilisha oili ya injini. Mkanda wa akiba uhifadhiwe nyuma ya kiti ukiwa umeviringishwa bila kukunjwa kwa pembe kali, mbali na chupa za oili, pamoja na spana zile mbili na mpini wa mti.