Kabla ya Kuingia Mtihani wa Vyanzo vya Historia

Mtahiniwa wa Nairobi anayejiandaa kwa karatasi ya historia yenye vyanzo, hasa aliye katika shule inayofuata mtaala wa Uingereza, hana budi kutenganisha kazi mbili ambazo wengi huzichanganya. Chanzo asilia, kama vile barua, hotuba au taarifa ya serikali, hupimwa kwa kuangalia kilitoka kwa nani, lini, kikiwalenga akina nani na kwa kusudi gani. Fasiri ya mwanahistoria hupimwa kwa nguvu ya hoja yake mbele ya ushahidi mwingine unaoujua. Kuikataa fasiri kwa sababu tu mwandishi wake hakushuhudia tukio ni kosa, kwani wanahistoria wengi huandika juu ya mambo wasiyoyashuhudia.

Jambo linalowaponza wengi zaidi ni neno "upendeleo", ambalo huandikwa kana kwamba limemaliza kesi. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, kizuizi cha kikoloni nchini Kenya, wafungwa waliokataa kazi ya kulazimishwa walipigwa na 11 wakafariki, lakini taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Kwa swali la sababu ya vifo, taarifa hiyo haifai. Kwa swali la jinsi utawala ulivyojitetea ulipobanwa, ni vigumu kupata ushahidi bora kuliko huo. Kwa hiyo zoea kuuliza chanzo kina thamani kwa swali lipi, kisha utaje maneno yake yenyewe kama ushahidi.

Hukumu hiyo haiwezekani bila muktadha, nao haupatikani ndani ya chumba cha mtihani. Ukijua kwamba hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952 dhidi ya Mau Mau, vuguvugu la silaha lililopinga ukoloni, na kwamba ripoti ya Corfield kuhusu asili ya vuguvugu hilo ilitolewa mwaka 1960 kwa niaba ya serikali, utaelewa kwa nini iliwatwika viongozi wa Kiafrika lawama za Mau Mau na kuyapa malalamiko ya ardhi uzito mdogo.

Mwenye nafasi na apite katikati ya jiji, kwenye sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 baada ya kunyongwa kwake. Wengi hudhani inaeleza mwaka 1957. Mimi naona inaeleza zaidi Kenya ambayo haikuondoa marufuku ya Mau Mau hadi mwaka 2003, yaani sanamu nayo ni fasiri.

Siku yenyewe, soma swali kabla ya vyanzo, anza na maelezo mafupi ya asili ya kila chanzo kwa sababu mara nyingi ndiyo yenye jina na tarehe, na ubakize dakika za kuandika uamuzi wako waziwazi.